Taka za Nyumbani: Kuzitenga ni Sehemu ya Amana

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuona kuwa ukurasa huu, uliozoea masala ya sala na saumu, mirathi na ndoa, leo wazungumzia ndoo ya taka. Watasema: hii ni kazi ya bwana afya, si kazi ya darasa. Jawabu letu ni kuwa vitabu vya fikihi tuvisomavyo huanza kwa mlango wa tohara. Mwanafunzi hafiki kwenye sala illa kwa kuupita mlango huo. Basi mtu aliyejua kuutwahirisha mwili wake na nguo yake na mahali pake pa kusalia, kisha akazitupa taka za nyumba yake ukutani kwa jirani, mtu huyo amehifadhi maneno ya mlango wa tohara na ameyapoteza makusudio yake.

Tumegawa somo hili mafungu matano: hali tuliyo nayo, mafunzo ya dini yetu juu yake, madhara yanayotupata, sababu ya kushindwa kwa juhudi zetu za nyuma, na njia tunayoiona kuwa bora.

Fungu la kwanza: Hali tuliyo nayo

Wazee wetu wa Malindi, Takaungu na Kilifi hawakuwa na lori la taka, na miji yao haikuzama katika uchafu. Sababu yake si kwamba wao walikuwa malaika na sisi ni waovu. Sababu ni kuwa karibu kila kitu kilichotoka nyumbani mwao kilikuwa na mahali pa kurejea. Makumbi ya nazi yalifukiwa ufuoni, yakapigwa, yakasokotwa kamba. Vifuu vilifanywa kata na pawa, na vilivyosalia vikawa moto wa jikoni. Machicha yaliliwa na kuku. Maganda ya ndizi na muhogo yaliliwa na mbuzi. Kikapu cha ukindu kilipochakaa kilioza kikawa udongo. Hata bakuli za kauri zilizoletwa na majahazi kutoka mbali zilitiwa katika kuta na makaburi zikawa pambo, kama ajuavyo kila aliyeyaona makaburi ya kale ya pwani yetu.

Leo nyumba ile ile hutoa vitu ambavyo ardhi haivijui: chupa za maji na soda, vibuyu vya mafuta, vifuko vya maziwa, vikombe vya mtindi, nepi za watoto, betri za tochi, simu zilizokufa. Vitu hivi tunavitia katika ndoo moja pamoja na maganda ya viazi, matumbo ya samaki na wali uliochacha. Kisha ndoo ile humwagwa katika jaa, au katika kiwanja kisichojengwa, au hutiwa moto nyuma ya nyumba wakati wa magharibi.

Tafadhali, msomaji, lishike neno hili moja, kwani ndilo shina la somo letu: vingi katika vitu hivyo havikuwa taka vilipotoka mkononi mwetu, vimekuwa taka kwa kuchanganywa. Ganda la embe peke yake ni chakula cha mbuzi, au ni mboji ya mchicha. Chupa tupu iliyo safi ina mtu wa kuinunua. Viweke viwili hivi katika ndoo moja kwa siku mbili za jua letu hili la kaskazi: ganda halimfai mbuzi tena, kwani limeingia vigae na plastiki, na chupa haimfai mnunuzi, kwani imepakwa uozo. Tumeharibu vitu viwili kwa uvivu wa mara moja.

Fungu la pili: Mafunzo ya dini yetu

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo, na sisi tutataja machache kwa maana yake, si kwa lafudhi yake.

Kwanza, katika hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas, nayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimpita mbuzi aliyekufa ambaye alikuwa wa mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maimuna, naye amepewa sadaka. Akawauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaitengeneza na kunufaika nayo. Wakamwambia kuwa mnyama ni mzoga. Akawafahamisha kuwa kilichoharimishwa ni kumla. Tazameni, ndugu zetu: mzoga uliokwisha kutupwa, na Mtume wa Mwenyezi Mungu anaona ndani yake kitu cha manufaa, na anawalaumu watu kwa kukipoteza. Ikiwa ngozi ya mzoga haifai kutupwa bila fikra, itakuwaje kopo safi, au chupa, au karatasi?

Pili, Kurani imetukataza israfu katika kula na kunywa katika sura ya Al-Aaraf, na katika sura ya Al-Israa imewafanya wafujaji kuwa ni ndugu wa mashetani. Wengi wetu hudhani aya hizi zawahusu matajiri peke yao. La! Anayetupa nusu ya sinia ya wali ni mfujaji hata kama amekopa mchele.

Tatu, kuondosha chenye kuudhi njiani kumehisabiwa kuwa ni tawi miongoni mwa matawi ya imani. Na tumepokea khabari ya mtu aliyesamehewa na Mola wake kwa kuuondoa mti wa miba katika njia ya watu. Basi ni ipi hali ya mtu anayeiweka miba hiyo kwa mkono wake?

Nne, sura ya Ar-Rum yatueleza kuwa uharibifu umedhihiri nchi kavu na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Sisi watu wa pwani hatuhitaji mufasiri wa mbali kutuonyesha bahari iliyoharibiwa. Twaiona mikoko ya Mida ikiwa imevikwa mifuko, na twauona mdomo wa mto Sabaki ukitapika baharini yale uliyoyabeba tangu bara, kwani mto huu hupokea maji ya Athi yatokayo pande za Nairobi. Naam, si taka zote za ufuo wetu ni zetu. Lakini uovu wa jirani haukuhalalishii wako.

Tano, Mtume (s.a.w.) ametupigia mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini, wale wa chini wakataka kutoboa tundu katika fungu lao ili wapate maji bila kuwaudhi wa juu. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakizuiwa, wataokoka wote. Watu wa Malindi na Kilifi ni watu wa vyombo, nao waujua mfano huu kuliko watu wengi. Mwenye kusema, "Taka hizi nimezitupa katika kiwanja changu, wewe yakuhusu nini?" ndiye huyo aliyeshika tindo chini ya sitaha.

Hapa yapasa tuondoe kosa moja lililoenea. Watu wengi huita kila taka najisi, na kwa ajili hiyo humwona mwokota chupa kuwa ni mtu mchafu asiyefaa kupewa mkono. Hii ni kutojua fikihi. Uchafu ni kitu kimoja na najisi ni kitu kingine. Maganda, majani ya chai, makaratasi, chupa na makopo si najisi. Kuvigusa hakutengui udhu, na mkono huoshwa kwa usafi tu. Nepi ya mtoto yenye choo ni najisi, na damu ni najisi. Hivi vina hukumu yake. Basi wenye kuokota na kutenga taka wana kazi ya halali, tena wanatulipia deni letu. Mtume (s.a.w.) amemsifu mtu achukuaye kamba yake akabeba kuni mgongoni, kuliko mtu aombaye watu. Mwenye kubeba gunia la chupa ana tofauti gani na mwenye kubeba kuni?

Fungu la tatu: Madhara yanayotupata

Kuna watu wasioamshwa na dalili za dini mpaka waonyeshwe hasara ya mwili. Nao tuwataje.

Ardhi ya miji yetu ni jiwe la matumbawe na mchanga. Jiwe hili limejaa vijitundu, na maji hupita ndani yake kwa wepesi. Jaa likinyeshewa na mvua ya masika, maji machafu yake hayasimami juu. Hushuka, na visima vyetu si virefu. Misikiti mingi ina visima. Basi na ajue mwenye kumwaga taka karibu na kisima kuwa huenda anawatilia watu uchafu katika maji ya udhu wao na ya kunywa kwao.

Tena, chupa, makopo, vifuu na mipira ya magari hushika maji ya mvua, na humo huzaliwa mbu wenye madoadoa meupe, wale waumao mchana, wachukuao homa ya denge na chikungunya. Hili si jambo la kusikia kwa watu wa mbali: mwaka 1982 homa ya denge iligunduliwa papa hapa Malindi na Kilifi, na mwisho wa mwaka 2017 mpaka 2018 jirani zetu wa Mombasa walisumbuliwa sana na chikungunya. Mbu huyu hakai porini. Hukaa na watu, na sisi ndio tunaomjengea nyumba.

Ama wachomao plastiki uani, hao humpelekea jirani moshi wenye sumu wakati ule ule anapofungua madirisha apate upepo. Mtu hawezi kusema kuwa amefanya usafi, ilhali ameutoa uchafu ardhini akautia katika pafu la mtoto wa nyumba ya pili.

Na bahari yetu, ambayo wengi wetu twala kwayo, nayo inadhurika. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zimehifadhiwa tangu mwaka 1968. Walioko Watamu wanaotibu kasa wagonjwa wamewapata kasa waliomeza plastiki. Mnyama huyo haelezwi kuwa kile si chakula, sisi tumeelezwa.

Fungu la nne: Kwa nini tumeshindwa?

Si kweli kuwa watu wote wamelala. Huko Watamu, Watamu Marine Association pamoja na kituo chake cha EcoWorld wamekuwa wakikusanya plastiki za ufuoni na za mjini, zikatengwa, zikasagwa na kuuzwa, na wenyeji wakapata riziki kwazo. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi kwa plastiki kuukuu, wakalivika malapa yaliyookotwa kama 30,000. Wakaliita Flipflopi, likashushwa baharini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, kiasi cha kilomita 500. Basi hakuna anayeweza kusema kuwa taka za plastiki hazina kazi, na jahazi limesafiri kwazo.

Sheria nayo ipo. Katiba ya mwaka 2010 imeitia kazi ya kuondoa taka mikononi mwa kaunti. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya nzima tarehe 28 Agosti 2017. Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imetaka taka zitengwe pale zinapotoka, zile ziozazo mbali na zisizooza, na imezitaka kaunti ziwe na vituo vya kuzipokea na kuzitengeneza ili zitumike tena.

Basi ikiwa dini imeamrisha, sheria imeandikwa, na mfano umeonekana, kwa nini ndoo zetu zingali ni moja? Hapa yatulazimu tujisemee sisi wenyewe, kwani mwenye kuwanasihi watu aanze kwa nafsi yake.

Katika mtaa mmoja, watu wa darasa letu waligawa magunia nyumba kwa nyumba, wakawaomba watu watenge vikavu na vya kuoza. Watu wakaitika kwa furaha. Wiki za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha likaja gari la taka, na wabebaji wakamwaga gunia na ndoo mahali pamoja, mbele ya macho ya wenye nyumba. Mama mmoja mtu mzima akatuuliza: "Wanangu, mwatutengesha asubuhi ili mwende mkachanganye jioni?" Hatukuwa na jawabu. Haukupita mwezi, magunia yakawa ya kutilia makaa.

Tumekaa tukaitazama khabari hii, tukaona makosa matatu, na yote ni yetu.

Kosa la kwanza: tulianza kwa magunia kabla ya kuijua njia. Hatukuuliza nani atachukua vikavu, siku gani, na wapi vitauzwa. Mwenye kuchimba mfereji huanza kutazama maji yatakwenda wapi. Sisi tulifungua maji kwanza.

Kosa la pili: hatukufundisha namna ya kutenga. Chupa zilikuja na chai ndani, vibuyu vikaja na mafuta, karatasi zikaja zimerowa. Mnunuzi alipofungua gunia moja, aliyakataa yote. Nasi tuliyaweka karibu na msikiti mpaka yakatoa harufu, na watu wa saffu ya mwisho wakanung'unika, na haki ilikuwa yao.

Kosa la tatu: tulisema na wanaume baada ya sala ya isha, na ndoo haiko mikononi mwao. Walio jikoni hawakuulizwa chochote, nao ndio wajuao ndoo hujaa siku gani na watoto hutupa nini wapi. Wala hatusemi haya ili wanaume wapumzike. Bibi Aisha amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwasaidia watu wake kazi za nyumbani, na kuwa alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe. Mume aonaye aibu kuosha chupa moja na aulize aibu hiyo ameipata katika sunna gani.

Fungu la tano: Njia tunayoiona

Kwa hivyo tunawanasihi ndugu zetu wa kila mtaa wafuate mpango huu kwa taratibu yake, wala wasiruke daraja.

Kwanza, tafuteni mwenye kuchukua kabla ya kutenga. Katika miji yetu wapo waokotao chupa, wapo wenye mikokoteni, na wapo wanunuzi wa vyuma na plastiki. Wazee wa mtaa na wakae na mmoja wao, wamwulize anunua nini na kwa sharti gani. Kisichokuwa na mnunuzi kisikusanywe kwa jina la kuuzwa, kwani huko ni kuhamisha jaa tu.

Pili, kubalianeni siku moja katika wiki, nayo isivunjwe. Watu huvumilia kazi, hawavumilii ahadi ya uongo. Mchukuzi asipofika wiki mbili, zoea la miezi miwili hubomoka.

Tatu, vikavu visipande gari la taka kabisa. Vitoke nyumbani kwa mkokoteni wake, siku yake. Hivi ndivyo inavyojibiwa hoja ya yule mama: hakuna awezaye kuchanganya vitu visivyokutana.

Nne, kila nyumba iwe na vyombo viwili, na pembeni kijifuko cha tatu. Chombo cha kwanza ni cha viozavyo: maganda, mabaki ya chakula, machicha, majani ya chai, majani ya uani. Chombo cha pili ni cha vikavu: chupa, vibuyu, makopo, karatasi, maboksi. Kile kijifuko ni cha vitu vya hatari au vya najisi, kama nepi, vigae, betri na dawa zilizokwisha muda. Hivi visitiwe pamoja na vyote viwili. Plastiki isuuzwe kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo, wala pasiharibiwe maji safi. Chupa ifunguliwe kifuniko, iminywe, kwani kifuniko na chupa aghalabu ni plastiki za namna mbili na huyeyushwa mbalimbali. Chini ya vyombo vingi vya plastiki pana alama ya pembetatu yenye tarakimu: chupa ya maji huwa ni 1, na kibuyu kigumu aghalabu huwa ni 2. Watoto wa skuli hujifunza alama hizi upesi kuliko wazee wao. Basi kazi hiyo wapewe wao.

Tano, viozavyo visitoke mtaani. Katika taka za nyumba zetu, vitu hivi ni zaidi ya nusu kwa uzani. Mwenye kuvimaliza nyumbani amelipunguzia lori nusu ya mzigo. Mwenye mbuzi au kuku ampe kilicho kizima na safi. Kilichosalia na kifanywe mboji: chimba shimo dogo mahali pa kivuli, mbali na kisima, tia tabaka ya majani makavu, kisha tabaka ya maganda, kisha mchanga kidogo wa kufunika harufu na kuzuia panya, livugulie kila wiki, na liwe na unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Nyama na samaki vifukiwe chini kabisa, au visitiwe humo. Kwa joto letu, baada ya miezi miwili au mitatu utapata udongo mweusi. Mchanga wetu hauweki maji. Mboji huufanya uyashike, na mchicha na mnavu wa uani ukasitawi. Asiye na uwanja na ashirikiane na jirani aliye nao.

Sita, fedha. Fitina ya miradi mingi huingia kwa mlango huu. Fedha za chupa za nyumba moja ni chache mno, haziwezi kumtajirisha mtu. Tunaona kuwa kheri mchukuzi aachiwe fedha hizo ziwe ujira wake, kwa sharti aje siku yake na asafishe mahali anapochukulia. Akijua kuwa riziki yake imo katika gunia safi, yeye mwenyewe atakuwa mwalimu wa mtaa. Wakitaka watu wa mtaa kuuza kwa shirika, basi hisabu iandikwe na isomwe mbele ya watu kila mwezi, na mizani iwe ya haki, kwani wanaopunja vipimo wamekwisha kuonywa katika Kurani.

Saba, serikali ya kaunti na idaiwe haki yetu kwa adabu na kwa maandishi. Nani atakayesikilizwa zaidi: mtaa uliotupa kila kitu barabarani kisha ukalalamika, au mtaa uliokwisha kutenga vitu vyake ukasema, "Sisi tumetimiza wajibu wetu wa sheria ya 2022; kituo cha kupokelea kiko wapi?"

Neno juu ya sherehe zetu

Haitakuwa insafu kuzungumza ndoo ya jikoni tukanyamazia harusi na matanga. Siku hizi harusi moja hutoa taka za mtaa mzima: chupa ya maji kwa kila mgeni, nusu yake haikunywewa; sahani na vijiko vya kutupa; masinia ya pilau yanayorudi yamejaa. Hata katika khitima, mahali ambapo watu wamekuja kukumbuka mauti, chakula hutupwa kwa kuogopa kuambiwa kuwa wenye nyumba ni wachoyo. Huu ni unafiki wa ada, wala si ukarimu. Mitungi ya maji na vikombe vya kuoshwa havikumwaibisha mtu yeyote zamani. Mtaa ukinunua kwa shirika masinia, sahani na vikombe vya kuazimana, gharama ya harusi itapungua, na jaa litapungua. Na chakula kilichobaki kipewe wenye kuhitaji kingali cha moto, si kesho yake kikishachacha.

Suali na jawabu

Suali: Mtu mmoja akitenga na mtaa mzima hautengi, kuna faida gani?

Jawabu: Wajibu wako hauondolewi na uzembe wa mwenzio. Kuuweka mji safi ni katika faradhi za kutosheana: wakisimama wa kutosha, wengine wamesalimika, asiposimama mtu, dhambi ni ya wote. Tena mwaka 2017 wengi walisema kuwa mifuko ya plastiki haiwezi kuachwa, na nyama itabebwa vipi? Haukupita muda mrefu, watu wakarejea kwenye vikapu. Ada huvunjwa na walioanza wachache.

Suali: Sisi twalipa kodi. Je, kutenga taka si kuwafanyia wenye mishahara kazi yao?

Jawabu: Kodi humlipa mwenye kubeba. Hakuna kodi inayoweza kumlipa mtu aingie jikoni mwako kabla wewe hujachanganya. Kazi hiyo ni yako, na haina naibu.

Khatima

Mji ni amana. Tuliupokea kwa wazee ambao mabaki yao, tunapoyachimba leo pale Gede, ni vigae vya vyungu na vipande vya kauri, navyo twavitia katika nyumba za makumbusho kwa heshima. Watakaokuja nyuma yetu nao watachimba. Chupa tunayoitupa leo watu wa zama hizo wataikuta bado haijaoza, nao watajua kuwa hapa walikaa watu waliosoma mlango wa tohara.

Basi tusingoje mkutano mwingine. Kila msomaji, arejeapo nyumbani leo, na atazame ndoo yake, aulize vitu vingapi humo havikuwa taka mpaka vilipochanganywa. Kisha aweke ndoo ya pili kando yake, na kabla ya Ijumaa aende kwa jirani yake wamtafute mchukuzi pamoja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atutwahirishie nyoyo zetu na miji yetu, atujaalie tuwe wenye kusema na kutenda, na aisalimishe bahari yetu na visima vyetu. Yeye ndiye Mwenye kuwafikisha. Wallahu aalam.